Tusihesabu Miche, Tuhesabu Miti: Maoni Kutoka Uwanja wa Kanisa Birongo

Wahenga walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wazazi wanaowadekeza wana wao. Katika makala haya nakusudia kuitoa nyumbani na kuipeleka uwanjani mwa kanisa, kuiondoa kwa mwana wa binadamu na kuielekeza kwa mche wa mti. Hoja yangu ni moja, nayo nitaitaja mapema ili msomaji aipime tangu mwanzo. Kampeni zetu za mazingira zimejifunza kupanda lakini bado hazijajifunza kulea. Katika nchi ya Wagusii, ambako ardhi imegawanywa hadi ikakaribia kwisha, mahali panapofaa zaidi kutufunza ulezi huo ni uwanja wa kanisa. Hata hivyo, uwanja huo hautatufunza lolote mpaka kanisa lenyewe likubali kuhesabu miti iliyo hai badala ya miche iliyotiwa mashimoni.

Siandiki haya kama mtazamaji aliyekaa pembeni. Nilishika jembe kwa mikono yangu, nikapanda, nikapigwa picha, kisha nikaenda zangu. Lawama nitakazozitoa zinaanzia kwangu.

Siku ya miche

Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la miche milioni 100 kwa siku hiyo moja, na kila Mkenya akahimizwa kupanda angalau miche miwili. Nilikuwa nyumbani Birongo, wadi iliyomo katika eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Anayeifahamu nchi hiyo anajua jinsi inavyomdanganya mgeni. Kutoka barabarani kila kilima ni kijani kibichi: majani chai, migomba, mahindi, na safu za mikaratusi zilizonyooka kama walinzi. Mgeni husema, "Huku kuna miti!" Mwenyeji naye hukaa kimya, kwa kuwa anaijua tofauti baina ya kijani cha mazao na kijani cha msitu.

Tulikusanyika katika uwanja wa kanisa letu, ambalo sitalitaja jina. Miche ilikuwa imeletwa kutoka kitaluni, mingi ikiwa ya mgrevilea, na michache ya miti ya kiasili. Mvua za vuli za mwaka huo zilikuwa nyingi, na udongo ulikuwa laini kiasi kwamba jembe lilizama bila kusukumwa. Tuliimba, tukaombewa, tukachimba. Takribani miche thelathini iliingia ardhini kabla ya saa sita. Nilipanda wangu karibu na ua, nikasimama kando yake, rafiki yangu akanipiga picha. Juma lililofuata nilirudi chuoni nikiwa na picha hiyo katika simu. Sikuwa hata na wazo la nani angeuchunga mche huo.

Nilirudi wakati wa Pasaka, mwishoni mwa Machi 2024. Nilikwenda uani kuutazama mche wangu nisiuone. Nilidhani nimekosea mahali. Nikazunguka uwanja mzima nikihesabu, na hesabu yangu ikaishia mitatu.

Nilipouliza, sikupata mhalifu wa kumlaumu. Mwezi Desemba kanisa lilikuwa na harambee ya kuezeka paa la ukumbi. Uwanja ulihitaji kupendeza, na vijana wakapewa mafyekeo. Mmoja wao, tuliyesoma naye shule ya msingi, alinijibu bila kusitasita, "Ndugu yangu, hakuna aliyetuambia. Tuliona nyasi, tukafyeka nyasi." Ile michache iliyoepuka fyekeo ilikanyagwa na miguu ya mahema, na iliyobaki ikawa chakula cha mbuzi wa majirani. Kwa maneno mengine, miche yetu iliangamizwa na watu wema waliokuwa wakifanya kazi njema kwa ajili ya nyumba ya ibada. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Adui angekuwapo, tungepigana naye. Palipokosekana mlezi, tungepigana na nani?

Na ile mitatu? Miwili ilikuwa kando ya tangi la maji, penye mawe, ambapo fyekeo halipiti. Wa tatu, mche wa kiasili ambao kwetu huitwa omosocho, ulikuwa nyuma ya kanisa, umezungushiwa vijiti vilivyofungwa kwa maganda ya mgomba. Aliyevifunga ni omong'ina mmoja ambaye hufika kila Ijumaa kufagia kanisa. Nilipomsifu alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Mwanangu," akasema, "huu niliupanda mimi. Ningeuachaje?"

Nimelitafakari swali hilo tangu siku hiyo. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

Kitenzi kinachotuponza

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafunzwa kwamba lugha si chombo cha kubebea mawazo tu, bali pia huyaumba mawazo hayo. Basi na tukitazame kitenzi ambacho kampeni zetu zimekichagua. Mabango husema: panda mti. Redio husema: panda mti. Hotuba husema: tupande miti.

Kitenzi kupanda hutaja tendo linalokamilika mara moja. Mara jembe linapotoka udongoni, msemaji ana haki ya kutamka "nimepanda mti", na hakuna anayeweza kumkosoa, hata kama mche utakauka juma lijalo. Linganisha na kukuza. Kitenzi hiki kimetokana na kua, kikaongezewa mnyambuliko wa kusababisha. Anayesema "nimekuza mti" hana budi kuwa na mti uliokua, la sivyo sentensi yake ni uongo. Hali kadhalika kulea: hakuna aleaye kwa siku moja. Jirani zetu wa Tanzania wana kitenzi kingine, kuotesha, ambacho nacho ni cha kusababisha. Ingawa hutumiwa pia kwa mbegu zinazochipuzwa kitaluni, kinamwekea mtendaji sharti ambalo kupanda hakimwekei. Mti wenyewe ndio unaoota, na kazi ya mtu ni kuhakikisha unaota.

Yamkini msomaji atasema kwamba huu ni mchezo wa maneno, kwani mkulima wa Birongo asemaye "nimepanda mahindi" hukusudia pia kuyapalilia na kuyavuna. Nakubali. Lakini mkulima huyo ana njaa inayomkumbusha palizi. Kampeni haina njaa, ina tarakimu. Nayo tarakimu hukamilika pale kitenzi kinapokamilika.

Isitoshe, kitenzi hiki kina maana nyingine ambayo sharti tuikumbuke kwa kuwa tumo kanisani. Katika Injili ya Luka, Zakayo alipanda mkuyu kwa sababu alikuwa mfupi na umati ulimzuia asimwone Yesu. Zakayo alipanda mti ili aone. Wengi wetu tarehe 13 Novemba tulipanda miti ili tuonekane. Nasema tulipanda, wala sijitoi.

Hesabu ya taifa

Mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili asilimia 30 ya nchi iwe na miti. Tukiigawa idadi hiyo kwa Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019, ambao walikuwa 47,564,296, kila mmoja wetu, mtoto mchanga na mkongwe, anatakiwa kupanda takribani miti 315. Si lengo la kudharauliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, ilikuwa imeagiza miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi, na tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa tulikuwa tumefika asilimia 12.13. Kutoka hapo hadi 30 ni safari ndefu. Tarehe 10 Mei 2024 tulipewa sikukuu nyingine, safari hii ya kuwaomboleza waliopoteza maisha katika mafuriko na, papo hapo, ya kupanda miti. Ni vigumu kupata siku iliyoeleza wazi zaidi kwa nini mlima usio na miti ni hatari kwa aliyeko bondeni.

Hata hivyo, tazama namna lengo lilivyoelezwa: miti bilioni 15 itakayopandwa. Kama taifa lingefanya alivyofanya kanisa letu, lingetimiza lengo lake kikamilifu na kubaki jangwa.

Kinachosikitisha ni kwamba njia bora ilikwisha kuonyeshwa, na aliyeionyesha alikuwa Mkenya mwenzetu. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya mwavuli wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya vuguvugu la Green Belt. Vuguvugu hilo lilipoenea vijijini liliwalipa wanawake ujira mdogo, senti chache tu. Lakini hawakulipwa kwa kila mche waliouchimbia shimo. Walilipwa kwa kila mche ulioishi. Mche ulikaguliwa baada ya muda, na malipo yakafuata uhai wake. Kwa utaratibu huo mdogo, kitenzi kilibadilika bila mtu kutunga kaulimbiu. Mwanamke wa kijijini hakuwa mpandaji tena, alikuwa mlezi. Ulimwengu ulimtuza Maathai Nobeli ya Amani mwaka 2004, nasi tukajivuna kwa haki. Tumehifadhi picha yake akiwa amepiga magoti na mche mkononi. Utaratibu wake wa kuhesabu tumeusahau.

Kwa nini uwanja wa kanisa?

Huenda ukauliza: kwa nini basi tusiende misituni au mashambani? Jibu linaanzia kwenye ardhi. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, ambayo ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 82. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, la wana likagawanywa kwa wajukuu, na mjukuu leo ana kipande kinachomtosha kujenga nyumba, kupanda migomba na safu chache za chai. Kumwambia mtu huyu atenge nafasi ya mti ambao hatauuza ni kumwonea. Mti mkubwa huangusha kivuli, na kivuli kikiangukia mahindi ya ndugu huwa chanzo cha kesi.

Uwanja wa kanisa ni miongoni mwa maeneo machache yasiyorithiwa. Hauna wana watakaougawana. Tangu misheni za Nyabururu na Nyanchwa zilipoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, makanisa yameenea Gusii nzima, hata ni nadra mtu kutembea nusu saa bila kupita mbele ya mawili au matatu. Kila moja lina kiwanja, kikubwa au kidogo. Ukiviunganisha viwanja hivyo kwa macho ya akili, utaona msitu uliotawanyika ambao hakuna aliyewahi kuuita msitu.

Jambo la pili ni watu. Afisa wa misitu hawezi kurudi kila juma kutazama mche mmoja. Waumini hurudi, tena kwa hiari. Kampeni yoyote ingelipa fedha nyingi kupata kundi la watu wanaokutana mahali pamoja mara 52 kwa mwaka. Jambo la tatu ni daftari. Kanisa huandika. Huandika waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki, na sadaka hadi shilingi ya mwisho. Taasisi inayoweza kukueleza ni nani aliyebatizwa miaka mingi iliyopita haiwezi kushindwa kujua ni miti mingapi iliyo hai mlangoni pake.

Mifano haiko mbali. Kaskazini mwa Ethiopia, katika eneo la Gondar Kusini, mashamba yamefyekwa kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya miti ya kiasili iliyosalia ni ile inayoyazunguka makanisa ya Kiorthodoksi. Mtaalamu wa ikolojia Alemayehu Wassie ameichunguza misitu hiyo kwa miaka mingi. Alipoona ng'ombe wakiingia na kula miche, aliwashauri makasisi na wanavijiji wajenge kuta za mawe kuizunguka, mawe yenyewe yakiwa yale yaliyookotwa mashambani. Huko Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania alijulikana kwa lakabu ya Askofu wa miti, na vijana waliojiandaa kwa kipaimara walitakiwa kupanda miti kama sehemu ya maandalizi yao. Na katika pwani yetu wenyewe, misitu ya Kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haikuhifadhiwa na ua wa seng'enge. Ililindwa na wazee, miiko na heshima ya mahali patakatifu. Imani hizi zinatofautiana sana, lakini zinakubaliana kwa jambo moja: mti uliosimama mahali pa ibada una watu wanaoona haya kuukata.

Wangari Maathai alilijua hilo tangu utotoni. Katika kumbukumbu za maisha yake alisimulia juu ya mgumo mkubwa wa kwao Ihithe, Nyeri, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye mwenye shamba mpya aliukata apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kilichokuwa jirani kikakauka. Sisi Wagusii nasi tuna omogumo, jamaa wa mti huo, na chai tunayo pia. Hadithi ya Ihithe si ya kigeni kwetu.

Pingamizi

Zipo hoja zinazopingana nami, na haifai kuzipuuza. Wa kwanza atasema kuwa kazi ya kanisa ni kuokoa roho, si kufuga miti. Kwake ningependa kumkumbusha kwamba Mwanzo 2:15 humpa mwanadamu kazi mbili katika bustani, kulima na kutunza. Sisi tumeipenda ya kwanza tu. Papa Fransisko alipoutoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015, hakuwa anawazulia Wakristo kazi mpya. Alikuwa akiwadai ile ya zamani.

Wa pili atasema kuwa kiwanja ni cha ujenzi. Leo ni mti, kesho ni ukumbi. Hoja hii ina uzito, maana miti mingi ya makanisani imekatwa kwa sababu ilipandwa pasipo mpango. Dawa yake ni kuchora ramani ya kiwanja kabla ya kuchimba shimo, na kuipa miti mipaka na pembe ambazo hazitajengwa. Ramani hiyo iidhinishwe na baraza la kanisa jinsi ramani ya ukumbi inavyoidhinishwa.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, kwa kuwa anasema kweli. Atasema: kama ni miti, tupande mikaratusi, ikue upesi, tuiuze, tuezeke paa. Simdharau. Mkaratusi, ambao asili yake ni Australia na uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za kuendeshea garimoshi, umewasomesha watoto wengi wa Gusii. Viwanda vya chai huchoma kuni zake, na nguzo za umeme hutokana nao. Mimi mwenyewe nimelipiwa karo kwa mikaratusi. Lakini mkaratusi ni mlaji mkubwa wa maji, na tabia yetu ya kuupanda mabondeni na kando ya chemchemi ndiyo iliyomfanya hayati John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira mwaka 2009, aagize ung'olewe katika maeneo ya vyanzo vya maji. Makanisa mengi ya kwetu yako juu ya vilima, na chini yake kuna visima vya akina mama. Kanisa likitaka mikaratusi ya kuuza na lina nafasi mbali na maji, na ipande, mradi iandikwe katika hesabu ya mhazini kama mali nyingine yoyote. Isiitwe mchango wa mazingira. Mti wa kampeni uwe ule usiongojewa na shoka: omotembe wenye maua mekundu, ambao kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde huirutubisha ardhi; omosocho kama ule wa omong'ina wetu; au omoiri, ambao magome yake yamevunwa kote Afrika kwa ajili ya dawa ya tezi dume hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa.

Wa nne atauliza: mti mmoja katika uwanja mmoja wa Birongo utalisaidiaje taifa linalodai bilioni 15? Hautasaidia sana, kama idadi ndiyo kipimo. Lakini mti mmoja uliolelewa hufunza jambo ambalo miche milioni iliyotelekezwa haiwezi kufunza. Kanisa lililoweza kukuza mmoja linajua namna ya kukuza wa pili.

Tufanye nini?

Mapendekezo yangu ni machache, na hakuna linalohitaji mfadhili. Kwanza, usipandwe mche wowote uwanjani pasipo jina la mtu atakayeulea, na jina hilo liandikwe katika daftari la kanisa. Omong'ina hakuuacha mche wake kwa sababu ulikuwa wake. Yetu ilikuwa ya kila mtu, na kwa hiyo haikuwa ya yeyote. Mtoto anayebatizwa, vijana wanaofunga ndoa, familia iliyofiwa, wote hao wana sababu ya kuwa na mti wenye jina, na jina ni ua lenye nguvu kuliko vijiti.

Pili, kila mche uwekewe alama na kizuizi siku ile ile unapopandwa: kigingi kirefu kinachozidi nyasi, vijiti, na nyasi zilizong'olewa kwa mkono kulizunguka shina. Kama tungetumia saa moja zaidi tarehe 13 Novemba kufanya hivyo, fyekeo la Desemba lingeona.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mara moja kwa mwaka miti ihesabiwe na hesabu isomwe katika matangazo, baada tu ya taarifa ya sadaka. Isisomwe miche iliyopandwa, isomwe miti iliyo hai, pamoja na ile iliyokufa na sababu ya kufa kwake. Kanisa ambalo haliwezi kuvumilia shilingi mia kupotea bila maelezo lisivumilie miche ishirini na saba kupotea kimya kimya.

Mimbari nayo iwe na msimamo mmoja. Mwezi Julai 2023, marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu mwaka 2018 ilitangazwa kuondolewa katika ibada ya Jumapili huko Molo, na Novemba ya mwaka huo huo waumini wakaitwa kupanda. Sisemi kwamba kila mti uliokomaa usikatwe. Nasema kwamba kanisa lisiwe jukwaa la kutangazia tu mambo ya wengine. Liwe na neno lake.

Na sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili? Tuna kazi inayotuhusu moja kwa moja. Ni sisi tutakaoandika mabango, hotuba, matangazo ya redio na vitabu vya shule vya kesho. Tukikubali kaulimbiu ikomee kwenye "panda", tutakuwa tumeshiriki kuua miche kwa kalamu. Tuandike "kuza mti". Tuandike "lea mti". Tukusanye majina ya miti ya kiasili kwa Ekegusii na lugha nyingine zetu, tuyatafutie visawe vya Kiswahili, kisha tuyaandike kwenye vibao vya miti, kwani kiumbe kisicho na jina mdomoni mwa vijana hakikawii kutoweka machoni pao. Vyama vyetu navyo vina desturi ya kupanda miti katika makongamano. Nauliza kwa unyenyekevu: ni chama gani kinachoweza kutueleza mti wa kongamano lake la mwaka juzi u hali gani?

Likizo iliyofuata nilirudi Birongo na mche mmoja wa omotembe. Sikuita mpiga picha. Nilimwomba mzee wa kanisa aniandike daftarini, akacheka kidogo, kisha akaandika. Kwa kuwa mimi huwa chuoni, ilinibidi kutafuta mlezi mwenza, na nikamwendea yule yule aliyekuwa na fyekeo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake liandikwe kando ya langu. Likaandikwa. Mwaka 2032 utakapofika na serikali ikatusomea tarakimu zake, sisi wawili tutakuwa na tarakimu moja tu ya kutoa. Ama itakuwa moja, ama itakuwa sufuri, na yeyote atakayefika uwanjani ataweza kuthibitisha.